Majivu ya makaa ya mawe: Taka kwa jirani mmoja, malighafi kwa mwingine

KWA miaka mingi matishari yamekuwa yakiteremka Mto Hooghly kutoka maeneo ya jirani na jiji la Kolkata nchini India, yakipita katika njia za maji za msitu wa mikoko wa Sundarbans na kuingia Bangladesh. Mzigo wake mkubwa si mchele wala nguo. Ni vumbi la kijivu, laini kama unga wa ngano, linalobaki baada ya makaa ya mawe kuchomwa katika vituo vya kufua umeme.

Upande wa India, majivu hayo ni taka ambayo mwenye kituo anatakiwa na sheria kuiondoa. Upande wa Bangladesh, ni malighafi ambayo viwanda vya saruji hulipia fedha. Bidhaa ni ile ile, lakini ikivuka mpaka hubadilika jina na thamani.

Biashara hiyo ina mafunzo kwa nchi yoyote inayochoma makaa ya mawe au inayofikiri kuanza kuyachoma, zikiwamo za Afrika Mashariki na majirani zake wa kusini. Funzo kubwa ni kwamba majivu hayapati bei sokoni kwa sababu tu yana manufaa. Hupata bei pale sheria inapofanya kuyatelekeza kuwa ghali kuliko kuyauza.

Majivu haya ni nini?

Makaa ya mawe hayachomeki yote. Ndani yake mna udongo na madini ambayo moto hauyamalizi. Katika vituo vikubwa vya umeme, makaa husagwa hadi kuwa unga, kisha hupulizwa ndani ya tanuru na kuungua papo hapo. Sehemu nzito ya mabaki huanguka chini ya tanuru. Sehemu nyepesi, ambayo ndiyo kubwa zaidi, hupanda pamoja na moshi na kunaswa na mitambo maalumu kabla ya kutoka kwenye dohani.

Kiasi cha majivu hutegemea ubora wa makaa. Makaa mengi ya India yana majivu kati ya asilimia 30 na 45, wakati makaa mazuri yanayouzwa katika soko la kimataifa huwa na majivu machache zaidi, mara nyingi chini ya asilimia 15.

Tofauti hiyo si ndogo kibiashara. Kituo kinachochoma tani milioni moja za makaa yenye majivu asilimia 35 kitabaki na tani 350,000 za majivu kila mwaka. Kwa malori ya tani 30, hiyo ni safari zipatazo 32 kila siku, bila kupumzika Jumapili wala sikukuu. Kama hakuna anayeyanunua, lazima papatikane mahali pa kuyaweka.

Njia ya rahisi iliyotumika duniani kwa miongo mingi ni kuyachanganya na maji na kuyasukuma kwa mabomba hadi kwenye bwawa. Majivu hutuama chini, na maji hubaki juu au hutiririka kwenda mtoni. Ni katika mabwawa hayo ndimo gharama zilizofichika hujilimbikiza.

Kwa nini kiwanda cha saruji kinayataka

Saruji ya kawaida hutengenezwa kwa kuchoma chokaa na udongo katika tanuru lenye joto la nyuzi 1,450 za Selsiasi hivi, hadi kupatikana vigololi vigumu viitwavyo klinka. Klinka husagwa pamoja na jasi kidogo, na hapo ndipo saruji hupatikana. Uchomaji huo hula nishati nyingi, na kila tani ya klinka hutoa kati ya tani 0.8 na 0.9 za hewa ya ukaa.

Majivu mepesi yana silika na alumina kwa wingi. Peke yake hayagandi yakitiwa maji. Lakini saruji inapoanza kushika, hutoa aina ya chokaa, na majivu huungana na chokaa hiyo na kuwa gundi ya pili ndani ya zege. Zege hilo huchelewa kidogo kupata nguvu katika siku za mwanzo, lakini baadaye huwa imara, halipitishi maji kwa urahisi, na hustahimili chumvi ya bahari kuliko zege la saruji tupu.

Jambo hili si geni. Warumi wa kale walitumia majivu ya volkano kutoka Pozzuoli, Italia, na ndipo lilipotoka jina la pozolana. Marekani ilitumia zaidi ya tani 100,000 za majivu ya makaa ya mawe katika ujenzi wa bwawa la Hungry Horse, jimbo la Montana, kati ya mwaka 1948 na 1953.

Kwa mwenye kiwanda, hesabu ni nyepesi. Akitengeneza tani 1,000 za saruji na kuweka majivu mahali pa robo ya klinka, anaokoa karibu tani 250 za klinka, ambayo ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Viwango vya India vinaruhusu saruji ya aina hiyo kuwa na majivu kati ya asilimia 15 na 35.

Hata hivyo, si kila majivu yanafaa. Kiwango cha Marekani kijulikanacho kama ASTM C618 kinataka unyevu usizidi asilimia 3 na mabaki ya makaa yasiyoungua yasizidi asilimia 6. Majivu makavu yaliyohifadhiwa katika vihenge tangu yaliponaswa hutimiza masharti hayo kwa urahisi. Yaliyokwisha kumwagwa bwawani yanahitaji kuchimbwa, kukaushwa na kuchekechwa kwanza, na hiyo ni gharama juu ya gharama.

Kwa maneno mengine, uamuzi wa kuyafanya majivu bidhaa au taka hufanyika mapema, siku kituo kinapochorwa. Aliyejenga vihenge amejenga ghala la bidhaa. Aliyejenga bwawa peke yake ameweka deni.

Bwawa linapopasuka

Ndani ya majivu mna pia metali nzito kwa viwango vidogo: aseniki, risasi, kadimiamu, kromiamu, seleniamu na nyinginezo. Yakiwa yamefungwa ndani ya zege au tofali, metali hizo hazitoki kirahisi. Yakilala kwenye shimo lisilotandikwa chochote chini, maji huzichuja polepole hadi kwenye visima.

Usiku wa kuamkia Desemba 22, 2008, ukuta wa bwawa la majivu katika kituo cha Kingston, jimbo la Tennessee nchini Marekani, uliporomoka. Tope lipatalo mita za ujazo milioni 4 lilimwagika, likafunika zaidi ya hekta 120 za ardhi, likaingia Mto Emory na kuharibu nyumba. Hakuna aliyekufa usiku huo.

Usafishaji uliigharimu kampuni ya umeme ya Tennessee Valley Authority, ambayo ni mali ya serikali ya Marekani, zaidi ya dola bilioni moja na kuchukua miaka kadhaa. Wafanyakazi waliosafisha tope hilo walifungua kesi wakidai kuwa vumbi liliwaharibu afya. Mwaka 2018 jopo la wazee wa mahakama mjini Knoxville lilikubali kwamba mkandarasi wa kazi hiyo hakutimiza wajibu wa kuwalinda, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2023.

Kuna jambo jingine katika tukio hilo ambalo wafanyabiashara wa mipakani hawapaswi kulipita. Mamilioni ya tani za tope lililozolewa yalipakiwa kwenye treni na kupelekwa kufukiwa katika wilaya ya Perry, jimbo jirani la Alabama, eneo maskini ambalo wakazi wake wengi ni Wamarekani weusi. Wapo waliofurahia ada na ajira, na wapo waliolalamika kuwa wameletewa uchafu wa wengine. Taka isiyo na mwenyewe, kama maji, hutafuta bonde.

Jina linapanga bei

Baada ya Kingston, Mamlaka ya Mazingira ya Marekani ilitoa mapendekezo mawili mwaka 2010. La kwanza lilikuwa kuyaweka majivu ya makaa ya mawe katika kundi la taka hatarishi, ambalo lina masharti makali kuanzia yanapozalishwa hadi yanapofukiwa. La pili lilikuwa kuyaacha katika kundi la taka za kawaida, lakini kwa masharti maalumu ya mabwawa na madampo.

Mvutano uliofuata ulikuwa wa kiuchumi kama ulivyokuwa wa kiafya. Watu wa mazingira walisema kitu chenye aseniki na risasi kiitwe kwa jina lake. Wauzaji wa majivu na watengenezaji wa zege wakajibu kuwa kikiitwa hatarishi hakuna mteja atakayekubali kiingie ndani ya sakafu ya shule au ukuta wa nyumba, hivyo tani zote zilizokuwa zikirejelezwa zitarudi kwenye mabwawa.

Kanuni iliyochapishwa Aprili 2015 ilichukua njia ya pili. Majivu yakabaki kuwa taka zisizo hatarishi, na matumizi yenye manufaa kama vile zege yakaachwa nje ya masharti hayo. Lakini mabwawa mapya yakatakiwa kutandikwa chini, wenye vituo wakalazimika kupima maji ya ardhini, na matokeo ya vipimo kuwekwa kwenye tovuti ambako kila mtu anaweza kuyasoma.

Kipengele hicho cha mwisho kilikuwa na nguvu kuliko kilivyoonekana. Vipimo vilipoanza kuchapishwa kwa wingi mwaka 2018, ilidhihirika kuwa mabwawa mengi yalikuwa yakichafua maji yaliyo chini yake. Mwaka huo huo mahakama ya rufaa mjini Washington ikaamua kuwa kanuni haikuwa kali vya kutosha kwa mabwawa yasiyotandikwa. Mwaka 2024 masharti yakaongezwa ili kugusa pia mabwawa ya zamani yaliyoachwa katika vituo vilivyokwisha kufungwa.

Wakati huo huo soko likageuka. Vituo vya makaa ya mawe vimekuwa vikifungwa Marekani na Ulaya, na Uingereza ilizima cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, Septemba 30, 2024. Majivu mapya yakaadimika, na watengenezaji wa zege wakaanza kuyaagiza kutoka nje na kuchimbua mabwawa ya zamani. Kilichokuwa kikitupwa kwa miaka 50 sasa kinafukuliwa.

India: Sheria inayolazimisha soko

India ilipita njia tofauti. Katika mwaka wa fedha 1996/97, kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka Kuu ya Umeme ya nchi hiyo, vituo vyake vilizalisha karibu tani milioni 69 za majivu na chini ya asilimia 10 tu ndiyo yaliyotumika. Wakati huo huo watengenezaji wa matofali walikuwa wakichimba udongo wa juu wa mashamba, ule wenye rutuba, na kuuchoma.

Septemba 1999 serikali ikaunganisha matatizo hayo mawili katika amri moja. Watengenezaji wa matofali walio ndani ya kilomita 50 kutoka kituo cha umeme wakatakiwa kuchanganya majivu katika udongo wao, na vituo vikatakiwa kuyatoa bure kwa angalau miaka 10. Mwaka 2003 umbali ukaongezwa hadi kilomita 100, na mwaka 2016 hadi kilomita 300.

Umbali huo una maana kubwa. Majivu ni mzigo mwingi wenye thamani ndogo. Hata yakitolewa bure, nauli ya lori huweza kuzidi bei ya udongo unaopatikana jirani. Ndiyo sababu baadaye sheria ikaanza kuwabebesha wenye vituo sehemu ya nauli hiyo.

Hatua kali zaidi ilikuja Desemba 31, 2021. Kila kituo kikatakiwa kutumia majivu yake yote katika mzunguko wa miaka michache, na kile kisichotumika kikatozwa rupia 1,000 kwa kila tani, kwa msingi kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Orodha ya matumizi yanayokubalika inataja saruji, matofali, barabara, kujaza mashimo ya migodi, na pia kuyauza nje ya nchi.

Matokeo yanaonekana kwenye takwimu. Katika mwaka wa fedha 2021/22 India ilizalisha zaidi ya tani milioni 270 za majivu, na karibu asilimia 96 yakahesabiwa kuwa yametumika.

Lakini neno "yametumika" linahitaji kuangaliwa kwa makini. Kufukia mabonde na mashimo ya migodi nako kunahesabiwa, ingawa majivu yaliyofukiwa bila kinga hukutana na maji ya ardhini sawa na yale ya bwawani. Tani iliyoingia ndani ya saruji na tani iliyojaza shimo huandikwa katika safu moja, wakati hatari zake ni tofauti.

Aidha, majivu ya miaka ya nyuma bado yamelala mabwawani. Aprili 10, 2020, bwawa la kituo cha Sasan, wilaya ya Singrauli katika jimbo la Madhya Pradesh, lilipasuka na tope kuingia mashambani na majumbani. Watu sita walipoteza maisha, wakiwamo watoto. Asilimia nzuri za mwaka huu hazifuti deni la miaka iliyopita.

Biashara ya mto

Bangladesh ina mahitaji makubwa ya saruji lakini chokaa yake ni kidogo. Viwanda vyake huagiza klinka kutoka nje na kuisaga nchini. Kwa kiwanda cha namna hiyo, kila gunia la klinka linalopunguzwa ni fedha za kigeni zinazookolewa, hivyo majivu ya India yalipata mteja wa karibu.

Njia ilikuwapo tayari. Mwaka 1972, mwaka mmoja baada ya Bangladesh kujitangazia uhuru, nchi hizo mbili zilitia saini itifaki ya usafiri na biashara kwa njia ya maji ya ndani. Kwa miaka mingi sehemu kubwa kabisa ya mizigo iliyopita chini ya itifaki hiyo imekuwa majivu. Tishari moja hubeba mamia ya tani kwa mkupuo, jambo ambalo lori haliwezi, na nauli ya majini ni nafuu. Kama si mto, huenda biashara hii isingekuwapo.

Kituo cha Budge Budge, kilicho kando ya Mto Hooghly karibu na Kolkata, ni miongoni mwa vinavyopakia majivu moja kwa moja kwenye matishari. Kwa mwenye kituo faida ni mara mbili: anapata malipo, na anaepuka gharama ya kuyahifadhi pamoja na tozo. Mnunuzi naye anapata malighafi nafuu kuliko klinka.

Anayebaki nje ya hesabu hiyo ni mto wenyewe na wanaoutegemea. Mwaka 2020 zaidi ya tishari moja lililobeba majivu lilizama katika maji ya Hooghly. Wavuvi hulalamikia matukio ya aina hiyo, na njia inapita ndani ya Sundarbans, msitu ambao pande zake zote mbili zimo katika orodha ya urithi wa dunia. Gharama ya tope linalozama haimo katika ankara ya muuzaji wala ya mnunuzi.

Soko lenyewe nalo halijatulia. Bangladesh imejenga vituo vyake vikubwa vya makaa ya mawe, kikiwamo cha Payra kilichoanza mwaka 2020, na cha Rampal kilichoanza kuzalisha mwaka 2022 kwa ubia na India. Nchi iliyokuwa mnunuzi tu imekuwa mzalishaji pia, na itabidi ijiulize maswali yale yale ambayo jirani yake alianza kujiuliza mwaka 1999.

Mpakani: Bidhaa au taka?

Kwa upande wa forodha, majivu yana makazi yake. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa huyaweka katika namba 2621.90, pamoja na masalia na majivu ya aina nyingine. Lakini kuwa na namba ya forodha hakumaanishi kuwa mzigo ni salama.

Swali hilo hujibiwa na Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unaosimamia usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi na nchi. Mkataba huo umeyaweka majivu ya makaa ya mawe katika orodha mbili. Chini ya namba B2050 yamo majivu yasiyo hatarishi. Chini ya namba A2060 yamo yale yenye sumu kwa kiwango cha kuyafanya yawe hatarishi, ambayo hayaruhusiwi kusafirishwa bila idhini ya maandishi ya nchi yanakokwenda.

Kinachotenganisha orodha hizo mbili ni cheti cha maabara. Mzigo unaofanana kwa macho, kwa uzito na kwa rangi unaweza kuwa bidhaa halali au magendo ya taka, kutegemea kilichoandikwa kwenye karatasi hiyo. Kwa nchi za Kiafrika zilizojiunga na Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, Tanzania ikiwamo, suala ni zito zaidi, kwani mkataba huo unapiga marufuku kabisa kuingiza taka hatarishi barani kutoka nje.

Afrika Mashariki na majirani

Afrika Mashariki haina milima ya majivu kama ya India. Kwa viwanda vya saruji vinavyochoma makaa ya mawe, tatizo hujimaliza lenyewe kwa sehemu kubwa, kwa sababu majivu huyeyukia ndani ya klinka na kuwa sehemu ya saruji. Makaa ya Ngaka, mkoani Ruvuma, ambayo Tanzania imekuwa ikiyauza kwa viwanda vya ndani na vya nchi jirani, huishia huko kwa kiasi kikubwa.

Hali ni tofauti kwa viwanda vingine vinavyotumia makaa kwa ajili ya joto au mvuke tu. Humo majivu hubaki, na lazima yaende mahali. Bei ya makaa huandikwa kwenye mkataba wa mauzo, lakini gharama ya majivu mara nyingi haiandikwi popote.

Mradi mkubwa uliolileta suala hili mezani ulikuwa wa Lamu nchini Kenya, kituo kilichopangwa kuwa na uwezo wa zaidi ya megawati 1,000. Wapinzani wake walitaja, pamoja na mengine, hofu ya majivu yatakayorundikwa karibu na bahari na maeneo ya uvuvi. Juni 26, 2019, Baraza la Taifa la Mazingira la kusikiliza rufaa lilifuta leseni ya mradi huo, msingi mkuu ukiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Uamuzi huo ulionyesha kuwa majivu yanaweza kujadiliwa kabla hata tani moja haijachomwa, na kwamba hapo ndipo mjadala huwa nafuu.

Kusini kidogo, Zambia imekuwa na kituo cha Maamba cha megawati 300 tangu mwaka 2016. Matanuru yake ni ya aina inayoweza kuchoma makaa hafifu kwa kuyazungusha pamoja na mchanga na chokaa. Majivu ya matanuru ya aina hiyo kwa kawaida hutofautiana na yale ya makaa yaliyosagwa, na mara nyingi hayaingii moja kwa moja katika viwango vya saruji. Mnunuzi asidhani kuwa majivu yote ni sawa kwa kuwa yote yametoka kwenye makaa ya mawe.

Afrika Kusini, ambayo vituo vyake huzalisha makumi ya mamilioni ya tani za majivu kwa mwaka, ilikuta sheria yake ya taka ya mwaka 2008 inawakwamisha watengenezaji wa matofali. Kila aliyetaka majivu alihesabiwa kuwa anashughulika na taka. Mwaka 2018 ilichapisha kanuni zinazoruhusu aina fulani ya taka kuondolewa katika kundi hilo pale panapothibitishwa matumizi yenye manufaa. Ni mlango uliofunguliwa, lakini wenye mlinzi.

Kwa upande wa viwango, soko la Afrika Mashariki lipo tayari. Kiwango cha saruji cha jumuiya, EAS 18-1, kinachofuata mfumo wa Ulaya, kinatambua saruji iliyochanganywa na pozolana na ile iliyochanganywa na majivu ya makaa ya mawe. Lakini majivu yatakayoagizwa yatakutana na mshindani mwenyeji. Ukanda huu una udongo wa volkano unaofanya kazi ile ile, unachimbwa karibu, na hauna historia ya bwawa nyuma yake. Kwa nauli za barabara za hapa, ni vigumu majivu ya mbali kuushinda.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Kwa mfanyabiashara anayeletewa ofa ya majivu kutoka ng'ambo ya mpaka, yapo mambo manne ya kuuliza kabla ya kuzungumzia bei.

La kwanza ni asili: yametoka katika tanuru la aina gani, na yalihifadhiwa makavu au yamefukuliwa bwawani? La pili ni cheti: maabara gani imepima metali nzito na makaa yasiyoungua, na ni kwa shehena hii au kwa ya mwaka jana? La tatu ni karatasi za mpakani: nchi inayouza inayaita bidhaa au taka, na nchi inayopokea inayaitaje?

La nne ndilo zito kuliko yote: nani atawajibika kama shehena ikikataliwa, ikimwagika au ikikosa mnunuzi? Muuzaji anayetoa mzigo bure na kulipa hata nauli hafanyi hisani. Anaepuka gharama fulani kwake, na ni haki ya mnunuzi kujua ni gharama gani, na ni kubwa kiasi gani.

Kwa serikali, India na Marekani zinaonyesha kuwa kanuni huja kwa mojawapo ya njia mbili: kabla ya bwawa kujaa au baada ya kupasuka. Masharti ya kujenga vihenge, kutandika mashimo, kupima visima na kuchapisha matokeo yakiwekwa kwenye leseni ya kwanza, gharama yake huingia katika bei ya umeme na kila mtu akaiona. Yasipowekwa, gharama haipotei. Hulipwa baadaye na mwenye kisima, mwenye shamba, au mkazi wa wilaya jirani ambako treni litashushia mzigo.